Kabla ya 'Hasi', Tuambieni Mlichopima

Mgonjwa wa kifua akikabidhiwa majibu ya maabara hutafuta neno moja tu: chanya au hasi. Ndugu waliomsindikiza hutafuta hilohilo. Daktari mwenye foleni inayofika getini naye husoma hilohilo, akaandika dawa, akaita anayefuata. Mimi niliyekaa upande wa pili wa dirisha la maabara kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu nasema karatasi hiyo ina upungufu mkubwa. Haituambii kilichopimwa kilikuwa nini. Na kwa ugonjwa wa mapafu, hapo ndipo "hasi" inapopata uzito au inapobaki wino mtupu.

Nilikuwa mteknolojia wa maabara katika hospitali za serikali mkoani Tanga hadi nilipostaafu. Nimepima damu, choo, mkojo na maji ya uti wa mgongo, lakini kazi iliyonimaliza macho ni makohozi. Vikopo vilifika asubuhi kwenye trei, vimeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito, na kabla sijafungua hata kimoja nilijua kwamba baadhi yavyo havina makohozi. Vina mate. Mgonjwa aliambiwa "tema humu", naye akatema. Hakuna aliyemweleza tofauti, kwa sababu muuguzi aliyepaswa kumweleza alikuwa peke yake zamu nzima, anachoma sindano chumba cha pili.

Mate ni maji ya kinywani. Makohozi yanatoka chini, kwenye njia za hewa na mapafu yenyewe, penye ugonjwa. Kwa macho unaweza kukisia: mate ni mepesi, meupe, yana povu juu, makohozi ni mazito, yananata, mara nyingi yana rangi ya njano au kijani, pengine na michirizi ya damu. Lakini macho hubahatisha. Anayetoa ushahidi ni hadubini, na ushahidi wenyewe ni seli.

Paka sampuli kwenye slaidi, itie rangi, itazame kwanza kwa lenzi ndogo, ile inayokuza mara 100. Ukikuta seli kubwa, bapa kama chapati iliyosukumwa na mtoto, kingo zimekwenda upande, kiini kidogo katikati, hizo ni za utando wa kinywa. Hupukutika kila siku na hazina habari yoyote ya mapafu. Ukikuta seli ndogo za mviringo ambazo kiini chake kimekatika vipande viwili, vitatu, hata vitano, zimesongamana, hizo ni seli nyeupe za damu zilizokimbilia penye maambukizi. Hizo ndizo usaha.

Halafu kuna seli ya tatu, ambayo nilikuwa nikiiona nafurahi. Ni seli walaji za mapafu. Ni kubwa, za mviringo, zinaishi ndani kabisa kwenye vifuko vya hewa, na kazi yao ni kumeza vumbi na vijidudu. Kwa akina mama wanaopikia kuni huzikuta zimejaa punje nyeusi za masizi. Ukiitazama moja vizuri unajua jiko la mwenye sampuli ni la namna gani. Seli hiyo kwao si kinywani. Ukiiona, basi mgonjwa amekohoa kweli na wewe unatazama kitu kilichotoka mapafuni.

Maabara nyingi duniani zimetumia kanuni ya kuhesabu seli hizi tangu miaka ya 1970. Kwa lenzi ndogo, seli bapa za kinywani zikizidi 10 katika eneo moja la kutazamia, sampuli ina mate mengi mno. Seli nyeupe zikizidi 25 na zile bapa zikiwa chini ya 10, ni makohozi mazuri. Wapo wagonjwa ambao kanuni hii haiwatoshi, kwa mfano wale ambao seli nyeupe zimepungua mwilini kwa sababu ya ugonjwa au matibabu ya saratani. Hao hawatoi usaha hata wakiwa hoi. Lakini kwa wengi inatosha, na kuhesabu kwenyewe hakuchukui hata dakika mbili.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1884 kijana wa Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Kilichomsumbua ni kwamba rangi za wakati ule zilipaka bakteria na seli za pafu kwa pamoja, huwezi kujua kipi ni kipi. Akatafuta namna ya kuzifanya seli ziachie rangi na bakteria waishike. Rangi ya Gram, inayotumika hadi leo katika maabara ndogo kabisa, ilizaliwa ndani ya pafu la mgonjwa, kwa mtu aliyetaka kuona seli na kijidudu kwa wakati mmoja. Miaka miwili kabla yake, tarehe 24 Machi 1882, katika mji huohuo, Robert Koch alikuwa ametangaza kumwona bakteria wa kifua kikuu, yaani TB. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Sisi Watanzania tuna fungu letu katika historia hii. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na aliyeusukuma sana ni Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Cheki aliyewahi kuugua TB mwenyewe baada ya Wanazi kumfunga kambini. Msimamo wake ulikuwa mwepesi kueleza: makohozi yapimwe kwa hadubini karibu na anakoishi mgonjwa, na mgonjwa asimamiwe hadi amalize dawa. Utaratibu uliojaribiwa hapa nchini ulikuja kuwa msingi wa mkakati wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990, ule wa DOTS.

Fomu za utaratibu huo zilikuja na sehemu ya kuandika sura ya sampuli: mate, ute na usaha, au damu. Kwa hiyo siombi kitu kisichojulikana. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo ilijazwa kwa kutupia jicho kikopo, au haikujazwa. Leo majirani wananiletea karatasi zao niwasomee, maana mtaani mtu wa maabara hastaafu. Nazipindua mbele na nyuma. Jina lipo, umri upo, tarehe ipo, "hasi" ipo. Sampuli ilikuwaje, hakuna.

Najua kuna msomaji atakayesema nimepitwa na wakati, kwamba sasa tuna GeneXpert, mashine inayosoma vinasaba vya bakteria. Mashine hiyo naijua na naiheshimu. Ili mimi nimwone bakteria wa TB kwa hadubini, mililita moja ya makohozi inatakiwa iwe na bakteria kati ya 5,000 na 10,000. Katriji za kisasa za Ultra, vikasha vya mashine hiyo vinavyomiminiwa sampuli, zinaweza kunasa hata pale walipo chini ya 20. Isitoshe, ndani ya saa mbili hivi mashine inakuambia kama bakteria hao ni sugu kwa dawa ya rifampisini, jambo ambalo jicho langu haliwezi kulijua hata nikikesha. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka turudi nyuma.

Lakini mashine haitazami seli. Ndani ya katriji mmetiwa mbegu za bakteria wengine wasio na uhusiano na TB. Kazi yao ni kuthibitisha kwamba kemikali zimefanya kazi. Zikisomeka, mashine inaridhika kwamba kipimo kimekwenda sawasawa. Haijui ulichomimina kimetoka pafuni, kinywani au bombani. Uitie maji safi, itakujibu kwa adabu zote kwamba bakteria wa TB hawakuonekana. Na itakuwa imesema kweli.

Hapo ndipo hatari ilipo. Enzi za hadubini, anayesoma slaidi aliziona seli akitaka asitake, kwa sababu rangi ya bluu ya mwisho huzipaka. Ukipita slaidi nzima, maeneo 100 kama inavyotakiwa kabla ya kutamka hasi, na kote unakutana na zile seli bapa tu, roho inakuambia: huyu aitwe arudie. Mashine imetuongezea uwezo wa kunasa bakteria, ikatuondolea lile jicho lililokuwa likishuku sampuli. Na kwa kuwa jibu linatoka limechapwa, watu wanaliamini zaidi ya mwandiko wangu.

Namkumbuka mama mmoja muuza vitumbua. Alikuja na kikohozi cha miezi, amekonda, gauni linamwelea, na mkobani ana karatasi mbili za hasi kutoka vituo viwili. Nikampa kikopo. Akarudi baada ya dakika mbili na mate.

"Mwanangu, haya ni ya mdomoni," nikamwambia. "Nataka ya kifuani."

Akainama. "Mama, pale nje watu wamejaa. Na yule mzee wa kanzu aliyekaa kwenye benchi ni mkwe wangu. Nitakohoaje mbele yake?"

Nilimwelewa mara moja. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hakohoi akatoa makohozi mbele za watu, seuze mbele ya mkwe. Nikampeleka nyuma ya jengo la kufulia, upepo unakopita na hapana benchi. Nikamwambia asuuze kinywa kwa maji. Kisha avute pumzi mpaka kifua kijae, aishike kidogo, aiachie taratibu. Arudie. Mara ya tatu avute, akohoe kutoka chini, asikohoe kwa koo. Nikasogea pembeni, nikamgeuzia mgongo.

Alichotoa kilikuwa kiasi cha kijiko cha chai, kizito, cha njano. Nikachagua sehemu yenye usaha zaidi, nikaipaka, nikaiacha ikauke, nikaipitisha juu ya moto. Nikamwaga rangi nyekundu, nikaipasha kwa taa ya spiriti hadi mvuke ukaanza kupanda, bila kuiacha ichemke, nikasubiri. Maji, asidi, maji tena, kisha rangi ya bluu. Kwenye lenzi ndogo seli bapa zilikuwa za kuhesabu. Seli za usaha zilijaa, na katikati yao zile seli walaji zenye masizi ya jiko la vitumbua. Nikatia tone la mafuta, nikahamia lenzi inayokuza mara 1,000. Vijiti vyekundu, ndio bakteria wa TB, vilikuwepo, viwiliviwili, vitatuvitatu. Vilitosha kuandika chanya ya 1+. Alianza dawa wiki hiyohiyo, na dawa za TB kwetu ni bure.

Ugonjwa ulikuwemo kifuani mwake siku zote alizokuwa akiambiwa hasi. Kilichobadilika ni kikopo, na kilibadilika kwa sababu alipata faragha na maelekezo.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Tanga tu. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Rawalpindi, Pakistani. Watafiti waligawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu moja likaelekezwa kwa maneno machache namna ya kutoa makohozi, jingine likaachwa na utaratibu wa kawaida. Kwa wanaume hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa wanawake, waliokutwa na TB walikuwa asilimia 8 kati ya wasioelekezwa na asilimia 13 kati ya walioelekezwa. Hadubini ni zilezile na rangi ni zilezile. Aibu ya kukohoa mbele za watu ilikuwa imewaficha wagonjwa wa kike ndani ya safu ya hasi, na maelezo mafupi yakawatoa.

Kwenye nimonia ya kawaida mate hudanganya kwa upande wa pili. Kinywani na kooni mwa mtu mzima asiyeumwa wamejaa bakteria wa kila aina, na mara nyingine hata yule wa nimonia, anayeonekana wawiliwawili kwa rangi ya zambarau ya Gram, huwa amejipumzisha kooni bila kumdhuru mwenyewe. Ukiotesha mate utapata bakteria, utaandika jina lao, na daktari atampa mgonjwa antibayotiki ya kuwapiga wakaazi halali wa kinywa chake. Kesho tunalalamika kwamba usugu wa dawa unaongezeka. Ndiyo maana kwa kipimo cha kuotesha, sampuli iliyojaa seli bapa inapaswa kukataliwa mlangoni.

Kuna na magonjwa ambayo hata makohozi ya kawaida hayatoshi. Mwaka 1981 vijana watano wa Los Angeles waliripotiwa kuugua nimonia ya nimosisti, na ripoti hiyo ikawa ya kwanza duniani kuhusu ugonjwa tulioujua baadaye kuwa UKIMWI. Kimelea cha nimonia hiyo ni aina ya kuvu, hakioteshwi katika maabara za kawaida, na kikohozi chake ni kikavu. Kukiona inabidi mgonjwa avutishwe mvuke wa maji ya chumvi hadi akohoe kutoka chini, au pafu lisafishwe kwa maji kupitia mpira mwembamba wenye kamera, kazi ya hospitali kubwa za rufaa. Kisha sampuli ipakwe rangi maalumu. Daktari anayejua hayo hawezi kuridhika na "hakuna kilichoonekana" bila kuuliza kilitazamwa kitu gani.

Nimesikia hoja za wenzangu walio kazini, na si za kupuuzwa. Wanasema kazi ni nyingi na watu ni wachache. Kweli. Lakini kurudia kipimo cha mgonjwa yuleyule mara tatu kwa sababu ya mate ni kazi kubwa kuliko kutazama seli mara moja. Wanasema pia kwamba ukimrudishia kikopo mtu aliyekopa nauli kutoka kijijini, hatarudi tena. Hilo ni kweli zaidi, na kwa TB sitaki akataliwe. Mate yake yapimwe, kwani mara mojamoja bakteria huonekana humo, na akiwa chanya ni chanya. Lakini akiwa hasi, karatasi iseme wazi kwamba sampuli ilikuwa mate, na asiondoke hapo kabla hajasaidiwa kutoa nyingine siku hiyohiyo. Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa ana njia yake: humeza makohozi, na siku hizi choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine.

Ipo hoja ya fedha, nayo inasimama upande wangu. Katriji moja ya GeneXpert inauzwa kwa nchi zetu karibu dola 8, bila kuhesabu umeme, matengenezo ya mashine na usafiri wa sampuli. Tangu Marekani isimamishe sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, kila katriji inapaswa kuchungwa. Kuitia mate wakati slaidi moja na tone la rangi vingekuonya ni kutupa fedha ambazo hatuna.

Wala hadubini haijamaliza kazi yake kwenye TB yenyewe. Mgonjwa aliyeanza dawa hafuatiliwi kwa GeneXpert, kwa sababu mashine husoma vinasaba vya bakteria hata wakiwa maiti. Mwisho wa mwezi wa pili, na tena kuelekea mwisho wa matibabu, ni slaidi inayotazamwa. Nasikia kuna vituo ambako hadubini zimefunikwa vitambaa na wataalamu vijana hawazoei tena kusoma. Mkono wa kusoma slaidi hupotea upesi usipotumika. Na jicho lisilozoea seli halitajua lini lishuku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba TB iliua watu milioni 1.25 mwaka 2023, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi. Vifo hivyo havitapungua kwa mashine peke yake ikiwa tunailisha mate.

Kwa hiyo naomba Wizara ya Afya mambo yanayowezekana mwaka huu. Kila kituo kinachopokea makohozi kiwe na sehemu ya kukoholea iliyo nje, yenye upepo na kizuizi cha kumficha mgonjwa. Ukuta wa makuti unatosha. Awepo mtu wa kuelekeza, na hahitaji shahada. Mhudumu wa afya ya jamii au mgonjwa aliyepona TB ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi. Kila sampuli ya kifua inayotoka hasi, iwe kwa mashine au kwa slaidi, itazamwe seli zake. Na karatasi ya majibu iwe na mstari wa lazima juu ya neno chanya au hasi: makohozi, au mate.

Nawe msomaji, siku ukipewa karatasi ya kifua, yako au ya mzazi wako, usiikunje kabla hujauliza dirishani ilipimwa sampuli ya namna gani. Ukijibiwa kwamba ilikuwa mate, omba kikopo kingine na uelekezwe pa kukoholea. Mtaalamu anayeijua kazi yake hatakasirika. Na ambaye hakutazama alichopima, basi asiandike hasi; aandike kwamba hajui.